Walimnyonyoa Dinosaria Wangu

Vijana mnaoanza kazi ya maabara, kabla sijawaambia lolote kuhusu kazi hiyo, wacha mjue kwamba nimekasirika. Watoto wangu wananionya kwamba hasira si nzuri kwa mtu wa umri wangu mwenye presha. Mimi nawajibu kwamba presha nina dawa yake, ya hasira sina, na labda nikiwaandikia nyinyi itapungua.

Nilikuwa fundi wa maabara ya wanyama katika chuo kikuu kule upande wa Kesses. Kazi yangu ilikuwa ndege. Ndege akigonga dirisha au akichomwa na waya za stima, aliletwa kwangu kwenye mfuko wa plastiki. Nilimvua ngozi pamoja na manyoya yake yote, nikaisafisha, nikaijaza pamba, nikaishona, nikamlaza kwenye droo ili wanafunzi waje wamsome hata miaka mingi baadaye. Waliniita Mama Manyoya, na sikuona ubaya wowote kwa jina hilo. Kwetu Bungoma nilikuwa nimenyonyoa kuku tangu utotoni bila hata siku moja kuangalia nilichokuwa nikitupa. Chuoni ndiko nilikofunzwa kuangalia.

Aliyenifunza ni Mzee Kiptoo, fundi mkuu, mtu mpole ambaye hakuwahi kuharakishwa na yeyote. Siri ya kwanza aliyonipa ni unga wa mahindi. Ukishapasua ngozi ya ndege kifuani, nyunyiza unga kila mahali unapoona unyevu, maana damu na mafuta vikigusa manyoya, umeharibu. Unga unafyonza kila kitu, halafu unaupeperusha. Kwa hivyo maabara yetu iliagiza unga kila mwezi, na mtu wa ofisi ya ununuzi akaanza kushuku kwamba tunasonga ugali kwa gharama ya chuo. Siku moja akaja kutushtukiza mchana. Akamkuta Mzee Kiptoo amezamisha vidole vyote ndani ya bundi, unga hadi kwenye viwiko. Mzee akamtazama, akamwambia karibu chakula. Hatukuulizwa tena habari ya unga.

Siri ya pili ilikuwa subira na ngozi ya kiunoni, pale karibu na mkia, mahali ambapo manyoya hushikiliwa na ngozi nyembamba kama karatasi ya kitunguu. Ukivuta, yanakuja yote mkononi. Usivute. Sukuma kwa ukucha, polepole, kutoka upande wa nyama. Mzee Kiptoo alikuwa akisema unyoya ukishang'oka haukubali kurudishwa, na nimeishi kuona alivyosema kweli, ingawa si kwa namna aliyomaanisha.

Sasa nije kwa kilichonikasirisha.

Nilipostaafu nilihamia mtaa wa Kapsoya. Jirani yangu mmoja alikuwa msichana anayeitwa Halima, binti wa familia ya Kisomali yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuwa mwalimu wa sayansi wa mkataba katika shule moja ya mtaa wetu, mwaka wake wa kwanza. Jioni moja alikuja kwangu akaketi, akakataa chai mara mbili kwa adabu, ya tatu akakubali. Akaniambia watoto wake wanauliza habari za dinosaria kila siku, na picha pekee walizonazo ni zile za sinema na za kwenye mabegi yao ya shule: mjusi wa kijani kibichi, meno nje, anakimbiza gari. Alitaka kuwatengenezea mmoja wa ukweli kwa ajili ya siku ya wazazi. Je, Mama, unaweza?

Kama ningeweza! Nilikuwa nimeketi nyumbani nikikunja nguo za wajukuu. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha.

Lazima niwaeleze kwanza dinosaria wa ukweli nimemtoa wapi, msije mkafikiri nilimwota. Wakati nikiwa bado kazini, kulikuwa na mhadhiri wetu anayeitwa Daktari Chebet. Yeye ndiye aliyetufungua macho sisi sote, na bila yeye mimi ningebaki mshona ngozi tu. Siku moja alirudi kutoka mkutano wa nje ya nchi na picha kubwa za mawe kutoka Uchina. Ndani ya jiwe kulikuwa na mifupa ya mnyama mdogo, umbo la mjusi wa kukimbia kwa miguu miwili, mkia mrefu, meno mdomoni. Na kuzunguka mifupa hiyo yote, kuanzia kichwani, kufuata mgongo, hadi ncha ya mkia, kulikuwa na ukungu wa nyuzi nyeusi nyeusi.

Mzee Kiptoo, ambaye alikuwa karibu kustaafu, alichukua lenzi yake akainamia ile picha. Alikaa hivyo mpaka chai yake ikaganda utando. Kisha akauliza, "Huyu alitayarishwa na nani?"

Daktari Chebet alimjibu kwa heshima kabisa. "Ni matope ya ziwa, Mzee, na majivu ya volkano. Alifunikwa, akakaa humo mamilioni ya miaka."

Mzee akatikisa kichwa. "Wamefanya kazi safi," akasema.

Zile nyuzi zilikuwa manyoya, wanangu, ama tuseme mwanzo wa manyoya. Si manyoya ya kurukia. Huyo mnyama hakuwa na mabawa, hangeweza kuruka hata ungemtupa kutoka ghorofani. Daktari Chebet alituchorea ubaoni jinsi jambo lilivyoenda. Kwanza kijibomba chembamba kinachotoka kwenye ngozi, tupu ndani, kama nywele nene. Halafu vijibomba vikawa vishungi, kama vile manyoya ya kifaranga wa siku chache. Halafu pakatokea bua la katikati lenye matawi huku na huku. Halafu matawi yakapata vijindoano vidogo vya kushikana, unyoya ukawa bapa unaoweza kuzuia upepo. Mwisho kabisa ndipo ukapindika upande mmoja mwembamba na mwingine mpana, na hapo ndipo ungeweza kumwinua mwenye nao hewani. Kuruka kulikuja mwishoni. Manyoya yalikuwa yameshafanya kazi nyingine muda mrefu.

Kazi gani? Daktari alisema wasomi bado wanabishana ipi ilitangulia. Wengine wanasema joto. Wengine wanasema urembo, dume kumringia jike, kama vile jogoo anavyofanya mpaka leo mbele ya nyumba yangu bila aibu. Wamepata wengine waliokufa wamekalia mayai, mikono imetandazwa juu yake, na wanadhani manyoya ya mikono ndiyo yaliyofunika mayai. Na hata rangi nyingine wamezijua, kwa sababu ndani ya unyoya mna chembechembe zinazobeba rangi, na umbo lake limebaki kwenye jiwe. Yule wa picha yetu alikuwa wa kahawia inayoelekea nyekundu, na mkia wake ulikuwa na mistari, kahawia, nyeupe, kahawia, nyeupe.

Na msinielewe vibaya. Daktari hakusema wote walikuwa na manyoya. Wapo waliopatikana na alama za magamba matupu, hasa wale wakubwa kama lori, ambao pengine hawakuhitaji blanketi. Ndiyo maana nilimchagua yule mdogo, ambaye hakuna ubishi juu yake. Sikutaka kumdanganya mtoto hata mmoja.

Basi tukamjenga. Mifupa tulifanya kwa waya wa kuku kutoka dukani kwa baba yake Halima. Mwili ukawa magazeti yaliyolowekwa kwenye uji wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka. Manyoya niliyapata kwa wachinja kuku wa sokoni, ambao walinipa magunia mazima na kuniombea afya njema, nafikiri waliona nimeanza kuchanganyikiwa. Manyoya ya bawa niliyatupa yote. Nilitaka yale laini ya ndani, yanayokaa karibu na ngozi. Yaosheni kwa sabuni ya unga na maji vuguvugu, kamwe msitumie ya moto. Yasuuzeni hadi maji yawe meupe, halafu yatieni kwenye foronya na kuyaanika huku mkiyatikisatikisa, la sivyo yatakauka yameshikana kama pamba ya godoro kuukuu.

Rangi ndiyo ilitushinda. Rangi za dukani zilitoa wekundu wa soda. Ni mama yake Halima aliyetuokoa. Alikuja kutazama upuuzi tunaofanya, akasimama mlangoni, kisha akasema kwani mmejaribu hina? Hatukuwa tumejaribu. Hina inashika unyoya vile inavyoshika nywele na ukucha. Tuliloweka usiku kucha, na asubuhi manyoya yalitoka na ile kahawia yenye moto ndani, kama ngozi ya ng'ombe wa Ayrshire juani. Mama huyo alikaa nasi siku hiyo nzima akibandika safu baada ya safu, kuanzia mkiani kwenda kichwani ili safu ya juu ifunike gundi ya safu ya chini. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu.

Tulimpeleka shuleni akiwa amefunikwa shuka. Watoto walipomwona wote wakataka kumgusa. Tukawaruhusu. Mnyama wa kuangaliwa tu ana faida gani kwa mtoto? Walimpapasa mgongo wakiulizana kama alikuwa anauma.

Siku chache kabla ya siku ya wazazi nilikwenda kurekebisha shingo yake. Sikuwa nimefika hata kwenye geti nilipopata ile harufu. Mtu aliyefanya kazi yangu hawezi kuikosea. Manyoya yakiungua yananuka kama nywele zinazoungua, harufu inayoingia puani ikakaa hapo. Nilianza kwenda mbio, mimi na magoti yangu haya.

Nyuma ya jikoni la shule mlinzi alikuwa anachochea moto kwa ufito. Manyoya yote ya hina yalikuwa humo. Mnyama wetu alikuwa amesimamishwa ukutani, uchi, magazeti yamechanika mahali pa mbavu, na fundi wa rangi alikuwa tayari amempaka nusu mwili rangi ya kijani iliyobaki walipopaka geti. Walikuwa wamekata meno kutoka kwa mtungi mweupe wa plastiki, makubwa kama vidole gumba, yakawekwa katika kile kinywa kidogo hadi hakifungi. Mlinzi aliniamkia kwa unyonge akasema ni amri ya mwenyekiti wa wazazi. Sikumgombeza. Yeye angefanya nini?

Mwenyekiti nilimpata kwa simu. Nisiwe mwongo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na malori ya kubeba mahindi, na shule ile aliipigania sana kuhusu maji na madawati. Lakini picha ya mnyama wetu ilikuwa imetumwa kwenye kikundi cha wazazi kwenye simu, na wakacheka. Mmoja aliandika kwamba shule inalea kuku wa kienyeji badala ya kufundisha sayansi. Mwingine akasema kuku huyo ameletwa na mwalimu mgeni ambaye hajui dinosaria ni nini. Mwenyekiti aliona aibu, wageni walikuwa wanakuja, akaamua kurekebisha. Hilo ndilo neno alilotumia. Kurekebisha.

Nilimwuliza kama aliuliza mtu yeyote kabla. Akasema, Mama, kila mtu anajua dinosaria anakaa namna gani.

Kila mtu anajua! Hapo ndipo presha ilipanda. Vijana, nimefanya kazi na watu wasiojua, na sina shida nao, maana mimi mwenyewe niliingia pale chuoni sijui chochote. Asiyejua anauliza na unamwonyesha. Lakini mtu aliyeona sinema akaja na ndoo ya rangi kufunika kazi ya mwalimu bila hata kumpigia simu, huyo amewaibia watoto, na watoto wenyewe hawatajua wameibiwa nini. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Mkutano wa wazazi ulifanyika ile siku ya wazazi yenyewe, chini ya hema, yule mnyama wa kijani akiwa pembeni wageni wakipiga naye picha. Mwenyekiti alitangaza kwamba kulikuwa na kosa dogo ambalo limerekebishwa. Mama mmoja wa kanisani kwetu, tunayeimba naye kwaya, alisimama akasema haya mambo ya kwamba ndege walitoka kwa mijusi yanawachanganya watoto kuhusu Muumba. Nilisimama nikamwambia kwamba mimi nimekaa na ndege maisha yangu yote ya kazi, na kila nilipofungua bawa nilimshukuru Muumba huyo huyo, na jiwe la Uchina halijanizuia. Nilitaka kuendelea kueleza yale mambo ya vijibomba na vishungi. Mwenyekiti akasema asante, Mama, umeeleweka. Sikuwa nimeeleweka hata kidogo, lakini kipaza sauti kilikuwa kwake.

Kisha akamwita Halima mbele. Kumbe yeye na wazazi wenzake walikuwa wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba aombe msamaha na kusema manyoya yalikuwa makosa yake, yaishe, tule. Halima hakuwa ameambiwa hadi dakika hiyo. Baba yake alikuwa ameketi safu ya pili. Watoto wa darasa lake walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele kabisa.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, "Kama kuna mzazi niliyemkosea kwa kutoeleza mapema, naomba msamaha." Watu wakaanza kupiga makofi. Akangoja yaishe. "Lakini kwamba yule mnyama alikuwa na manyoya, siwezi kusema ni makosa. Si makosa. Hawa watoto wananisikia, na Jumatatu nitawafundisha nini?"

Akamrudishia mwenyekiti kipaza sauti, akaenda kuketi kando ya baba yake. Mzee huyo alisogea kidogo akampa nafasi.

Muhula ulipoisha mkataba wake haukuendelezwa. Hawakumpa sababu, na mwalimu mkuu, ambaye alimpenda, alimwambia kwa macho ya chini kwamba halikuwa mikononi mwake. Halima alikaa dukani miezi akiuza misumari na kupima nyaya. Nilipita hapo mara nyingi. Wakati mwingine namsalimia tu mama yake na kwenda zangu. Nilifikiri ndiyo tumeshapoteza mwalimu, na nilikuwa na hasira ya kulala nayo na kuamka nayo. Dinosaria wa kijani bado yuko pale shuleni, ukipita utamwona, rangi imeanza kubanduka.

Kisha shule moja ya Burnt Forest ikamchukua. Alinipigia simu asubuhi moja akaniomba niende siku atakayofundisha somo hilo, nibebe chochote nilicho nacho. Mimi nilibeba mfupa mmoja, mfupa wa bawa la bata mzinga niliouchemsha na kuusugua mpaka ukawa mweupe.

Mnajua baridi ya Burnt Forest. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya viazi hadi saa ya mapumziko, na darasani watoto walikuwa wamevuta mikono ya sweta hadi ikafunika vidole. Halima aliupitisha ule mfupa. Akawaambia wafumbe macho na kuusikiliza kwa kidole upande wa nyuma. Mvulana mmoja akasema kuna vipele, vimepangwa mstari. Halima akamwambia hapo ndipo mabua ya manyoya makubwa yanapojishikiza. Halafu akawaambia kwamba vipele kama hivyo, vimepangwa vivyo hivyo, vimepatikana kwenye mfupa wa mkono wa dinosaria ambaye hakuwa anaruka. Akawaacha wafikirie. Nilijizuia kusema. Mimi na mdomo wangu, mnaweza kukisia ilivyokuwa ngumu.

"Sasa," akauliza, "mnyama asiyeruka, manyoya ni ya nini?"

Nyuma kabisa karibu na dirisha lenye kioo kilichovunjika, msichana mdogo aliyejikunyata ndani ya sweta la mkubwa wake akasema, bila kuinua mkono, "Alikuwa anasikia baridi, mwalimu."

Wenzake wakacheka. Halima hakucheka. Miaka yangu yote nimesikia jibu hilo kwa maprofesa, na nimelisoma kwenye vitabu vizito, lakini sikuwahi kulisikia kwa mtu aliyelijua kwa ngozi yake mwenyewe asubuhi hiyo hiyo. Sina haya kuwaambia kwamba nilitazama dirishani nikajifuta macho.

Halima alikwenda hadi ubaoni akaandika neno baridi kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake. Kisha akageuka, chaki bado mkononi.

"Hilo ni jibu moja," akasema. "Nani ana lingine?"

Mikono ikatoka ndani ya masweta.